Safari ya Lushoto Iliyokwama Mombo

*Wikiendi ya mapenzi milimani, tanki limejaa, muziki laini unapiga... na harufu ambayo mmoja tu ndani ya gari alikuwa anaisikia. Mhariri wetu anasimulia.*

Wapo wanandoa wanaogombana kwa ajili ya meseji za usiku wa manane. Wapo wanaogombana kwa ajili ya mawifi, na wapo wa pesa. Mimi na baba watoto, kwa miezi mitatu mizima, tuligombana kwa ajili ya harufu ya petroli.

Mimi nasema gari linanuka. Yeye anasema halinuki. Nikisisitiza, anatupa jicho tumboni kwangu, anatabasamu kwa ile huruma inayoudhi kuliko matusi, kisha anasema, "Mama watoto, hiyo ni mimba."

Msomaji wangu, ukiwa na ujauzito wa miezi mitano huna mahali pa kukatia rufaa. Nakiri pia kwamba rekodi yangu haikuwa nzuri. Mimba ya kwanza nilimhamisha mwanaume wa watu chumbani kwake kwa sababu ya sabuni aliyoogea. Sasa nani angenisikiliza safari hii? Mama mkwe naye akaongeza chumvi. Eti alipokuwa na mimba ya huyu huyu mume wangu, alikuwa anasikia harufu ya mvua kiangazi.

Tukaenda gereji, ile ile iliyotubadilishia pampu ya mafuta miezi mitatu nyuma. Fundi akafungua boneti, akanusa. Akalala chini na tochi, akaamka anajipangusa mikono. "Bosi, gari liko freshi." Halafu akanigeukia kwa upole, "Shemeji, jaribu kukaa siti ya mbele, ufungue kioo, upate hewa."

Basi. Wanaume wawili na mama mkwe mmoja wakawa wamefunga kesi. Kilichoniumiza hata hivyo si wao. Ni kwamba na mimi nikaanza kuitilia shaka pua yangu. Siku nyingine nilikuwa nainusa, nikitoka garini haipo. Wiki nzima inaweza kupita gari linanukia vizuri tu. Binti yetu wa miaka 4 aliwahi kusema akiwa siti ya nyuma, "Mama, gari linanuka sheli." Tukacheka. Nikajua amenisikia mimi.

Huo wimbo wa binti yetu naomba uukumbuke, tutaurudia.

Full tanki, twende zetu

Safari ya Lushoto ilikuwa zawadi ya ndoa yetu kutimiza miaka mitano. Kliniki walinipa ruhusa, bibi akamchukua mjukuu, chumba tukakiwekea oda. Ijumaa mshahara ukaingia, na baba watoto akafanya anachofanya kila mshahara ukiingia: akaenda sheli, akashusha kioo kwa mikogo, akasema maneno anayoyapenda kuliko yote duniani, "Full tanki!"

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuko Tegeta, tunaelekea Bagamoyo. Njia hii ya Bagamoyo kutokea Msata imewaokoa watu wengi na foleni ya Kibaha na Chalinze. Asubuhi ile ilikuwa tulivu, mashamba ya mananasi huku na huku, watoto na baiskeli za maji. Ila harufu ilikuwepo. Nikashusha kioo. Yeye akawasha kiyoyozi. Nikashusha tena. Hatukusemezana mpaka Bagamoyo.

Tulipofika Msata na kuishika barabara kuu ya kaskazini, nikagundua nimeacha kunusa. Haipo. Tukavuka Wami, pale ambapo zamani kulikuwa na lile daraja jembamba, magari yakipita kwa zamu huku nyani wakiwasubiri abiria kando. Siku hizi unapita daraja jipya kwa raha zako. Baba watoto akaniangalia. "Umeona? Imeisha. Ulikuwa hujanywa chai tu."

Nikanyamaza. Mbwewe, Mkata, Kabuku, tunachekeshana vizuri tu. Ile ndiyo safari niliyokuwa naitaka. Mkono wake begani kwangu, machungwa yamepangwa kando ya barabara, mafungu kwa mafungu, na nyimbo zetu za enzi za uchumba zinapiga.

Segera, pale njia panda ya Tanga na Moshi, akaingia sheli. "Tujaze, huko mlimani sitaki presha." Kijana wa pampu akajaza mpaka bomba likakata lenyewe. Baba watoto akamwambia aongeze, afikishe hesabu kamili. Akaongeza mpaka petroli ikachungulia shingoni.

Hatujafika Korogwe, harufu imerudi. Tena safari hii kali, imeshuka chini miguuni kama maji.

"Baba, inanuka."

"Mama watoto, tumetoka sheli sasa hivi. Ulitaka inukie pilau?"

Nilicheka bila kutaka. Halafu nikageuza uso dirishani, machozi yananilenga. Kando ya barabara mkonge umejipanga mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Zao hili lililetwa Tanganyika na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Inasemekana katika miche 1,000 aliyoagiza, ni 62 tu iliyofika hai. Miche 62 ndiyo iliyozaa bahari yote ile ya kijani. Mimi siku ile nilikuwa nawaza kidogo kidogo vilevile, ila kwa ubaya. Kinachovuja kidogo kidogo kinafikia wapi?

Mombo, jiko na mahindi

Kama hujawahi kupita Mombo, nikueleze. Ni mji mdogo chini kabisa ya milima ya Usambara. Mabasi ya Moshi na Arusha yanapumzika hapo, na hapo ndipo unapokata kuelekea Lushoto. Joto lake si mchezo. Lakini ukiinua macho unaona mlima umesimama mbele yako kama ukuta, umejifunika ukungu, na unajua baada ya kilomita 33 tu utakuwa unatafuta sweta. Wachuuzi wanakukimbilia na neema za huko juu: mapeasi, plamu, karoti zimefungwa vishada kama maua.

Baba watoto alisimama kuninunulia mahindi ya kuchoma. Alisimama wapi? Hatua tatu kutoka kwenye jiko la mkaa.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. "Zima gari. Zima! Na usiwashe tena."

"Kuna nini?"

"Petroli inavuja ndani ya hili gari na wewe umelileta kwenye moto. Mimi nashuka. Mlimani sipandi, labda upande peke yako."

Nilishuka na mkoba wangu na tumbo langu. Watu wakageuka. Ila lile neno petroli halihitaji mkalimani Tanzania. Nani amesahau Msamvu pale Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipoanguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 100? Mama wa mahindi hakuuliza swali. Alifunika jiko lake, akalisogeza. Makonda watatu wakalisukuma gari, halijawashwa, mpaka chini ya mwembe upande wa pili, milango yote minne wazi.

Konda mmoja akaingiza kichwa ndani, akakitoa haraka. "Bro, humu ndani mbona kama sheli?"

Baba watoto akaniangalia. Sikusema kitu. Miezi mitatu nilikuwa naisubiri sentensi ile, na ilipokuja haikunipa raha hata kidogo.

Fundi aliyeanza kwa kuuliza

Fundi aliletwa na bodaboda. Kijana mwembamba, ovaroli limepauka, spana zimefungwa kwenye gunia. Nilitegemea afungue boneti kama wenzake. Hakufungua. Alichomoa kwanza taminali hasi ya betri, akawaambia watu wazime sigara, wakae mbali. Halafu akauliza, "Nani anaisikia zaidi hii harufu?"

"Mimi," nikasema.

"Basi nieleze wewe, dada. Inanuka asubuhi ukiwasha, au muda wote?"

"Muda wote. Ila si siku zote."

"Ukiwa umesimama kwenye foleni, au hata mkikimbia?"

"Hata tukikimbia."

"Ukiwasha feni inazidi?"

"Hapana. Inatokea nyuma, chini."

Akatikisa kichwa. "Sasa. Siku zinazonuka na siku zisizonuka, zina tofauti gani?"

Hapo ndipo kazi yangu iliponisaidia. Mimi mhariri, naandika kila kitu. Kwenye simu nilikuwa na orodha, maana nilishachoka kuambiwa nawaza tu. Tarehe 26 inanuka. 27 inanuka. 28 inanuka sana. Tarehe 3 kidogo. Kuanzia tarehe 6 hamna kitu. Tarehe 14, siku tuliyokwenda gereji, hamna kitu. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe, na bado sikuwa nimeisoma.

Fundi akaisoma mara mbili, akamgeukia baba watoto. "Bosi, mshahara wenu unatoka tarehe ngapi?"

"Ishirini na tano, ishirini na sita hivi."

"Na ukishatoka?"

Kimya. Halafu, polepole, mume wangu akajibu, "Najaza tanki."

Na katikati ya mwezi je? Katikati ya mwezi, msomaji wangu, sisi ni watu wa elfu kumi kumi kama wewe. Harufu ilikuwa inakuja na mshahara na kuondoka na mshahara! Gereji walilikagua gari likiwa na robo tanki, wangeona nini?

Chini ya siti ya nyuma

Fundi akatufafanulia kwa kutumia chupa ya maji. Tanki likiwa nusu, mafuta yako chini, hayafiki kwenye mfuniko. Likijaa, kila kona na kila mwinuko yanapiga mfuniko. Kwenye magari mengi madogo ya siku hizi pampu ya mafuta haipo kwenye injini. Inakaa ndani ya tanki lenyewe, na mfuniko wake uko chini ya siti ya nyuma. Ongeza na jua. Petroli ikipata moto inatanuka. Tanki la lita 50 joto likipanda nyuzi 10, petroli inaongezeka karibu nusu lita. Sasa wewe umejaza mpaka shingoni, hiyo nusu lita itakwenda wapi?

"Mlikuwa mmebadilisha pampu?" akauliza. Tukatazamana.

Akang'oa siti ya nyuma.

Chini yake kulikuwa na makombo ya biskuti, penseli ya rangi nyekundu na kibanio cha nywele cha binti yetu, kile cha kipepeo tulichokitafuta wiki mbili. Na katikati, kisahani cha bati kilichoshikwa na skrubu mbili kati ya nne, bila ule ulimbo mweusi unaokizibia. Vumbi lote lililokizunguka lilikuwa jeusi, limelowa.

Alipokifungua, harufu ilitupiga wote tukarudi nyuma. Mfuniko wa pampu ulikuwa unang'aa kwa umajimaji. Pembeni umepakwa gundi ya gasketi, ile ya kawaida, imelainika kama ubuyu uliolowa. Fundi akaivuta kwa kidole. "Hii haikai na petroli. Inayeyuka." Chini yake ndiyo tukauona ule mpira wa duara, oringi, wa zamani ule ule. Walipofunga pampu mpya waliurudisha mpira wa zamani, ukiwa umevimba. Ukajikunja upande mmoja, wakauzibia na gundi, wakachukua hela yao.

Mimi sikuwa naangalia mpira. Nilikuwa nimekishika kile kibanio cha kipepeo. Kila asubuhi ya shule, miezi mitatu, mtoto wangu amekaa juu ya hicho kisahani. Mara ngapi alisema kichwa kinamuuma tukasema ni uvivu wa shule? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini, na una benzini, ambayo si ya kuvutwa na mtoto wala mama mjamzito, wala na mtu yeyote. Na alisema mwenyewe. Kwa maneno manne. Gari linanuka sheli, mama.

Nikakaa kwenye mzizi wa mwembe nikalia. Mama wa mahindi alikuja kukaa na mimi, hakuuliza lolote, akaniwekea mapeasi mapajani.

Saa tatu za Mombo

Oringi ya saizi yetu haikuwepo Mombo. Fundi akapiga simu Korogwe, duka la spea likampa konda wa Hiace, ikaja imefungwa kwenye gazeti. Tulisubiri saa tatu. Nadhani hizo saa tatu ndizo zilikuwa sherehe yetu yenyewe ya miaka mitano, ingawa hatukuzipanga.

Baba watoto alikaa kimya muda mrefu, anachora chini na kijiti. Kisha akasema, "Unajua nini? Sikuwa naamini ni mimba. Nilikuwa nataka iwe mimba."

"Kwa nini?"

"Mimba haihitaji kulipa fundi."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ilikuwa kweli, na ilikuwa mara ya kwanza miezi mitatu kuniambia kweli. Ile pampu ilitumaliza. Ada ya mtoto, kodi ya nyumba, maandalizi ya mtoto anayekuja. Kila nilipotaja harufu alikuwa anasikia bili nyingine. Akawa ananyamazisha bili, kumbe ananyamazisha mimi.

"Na mimi," nikamwambia, "nilijua. Nilikuwa na orodha kwenye simu. Lakini nilimpandisha mtoto kila asubuhi, maana sikutaka kuonekana mke mkorofi."

Akachukua kile kibanio mkononi mwangu, akakitia kwenye mfuko wa shati. "Samahani, mama watoto." Hakuongeza neno. Wanaume wanapoomba msamaha huwa wanaongeza 'lakini'. Yeye aliishia pale.

Spea ilipofika, fundi alichota kwanza lita kama kumi kwa mpira wa kubinya, akazitia kwenye galoni la chuma. Hakufyonza kwa mdomo kama wengine wanavyofanya. Akakwangua gundi yote, akasafisha mfereji wa mpira kwa kitambaa, akaweka oringi mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, akafunga mfuniko kwa mpangilio wa msalaba, kidogo hapa kidogo pale. Akarudisha mafuta, akarudisha betri, akageuza ufunguo bila kuwasha injini ili pampu isukume. Akazungushia karatasi ya chooni kwenye mfuniko, akalitikisa gari kwa nguvu, akasubiri. Karatasi ilikuwa kavu. Ndipo akakiziba kisahani na kukifunga kwa skrubu zote nne.

Kisha akafanya jambo sitalisahau. Hakumwita bosi. Aliniita mimi. "Dada, njoo unuse."

Nikainama siti ya nyuma. Vumbi, biskuti, joto. Basi.

Spea elfu tano, ufundi elfu thelathini. Baba watoto akampa hamsini, hakudai chenji.

Na sasa, Lushoto

Barabara ya kupanda kutoka Mombo ilichongwa enzi za Wajerumani, nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine bonde. Kwa kilomita hizo 33 unapanda karibu mita 1,000. Unashusha vioo, na hewa inabadilika kona kwa kona. Kwanza vumbi la moto, kisha majani mabichi, kisha moshi wa kuni, na ukifika Soni, maporomoko ya maji yanaunguruma na ubaridi unakugusa shingoni. Pua yangu, iliyodharauliwa miezi mitatu, ilikuwa inakula vyote.

Lushoto penyewe Wajerumani walipaita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakapafanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Kabla yao milima hii ilikuwa ya Wakilindi, na makao yao yalikuwa Vuga. Leo ni mji mdogo wenye miti mirefu, majengo ya zamani, na mboga zinazolisha Dar es Salaam. Usiku kuna baridi ya kweli. Wapendanao, mnaelewa nasema nini.

Jumapili tulitembea hadi Irente. Njiani kuna shamba la Kanisa la Kilutheri wanapotengeneza jibini, mkate na jemu, tukabeba. Ukifika mwisho wa njia, ardhi inakatika. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, mbali sana, ni tambarare yote, mkonge, na barabara kuu kama uzi. Magari yanaonekana kama punje. Baba watoto alitafuta Mombo kwa kidole. "Pale. Nadhani ule ndio mwembe wetu." Haiwezekani kuuona mwembe kutoka pale, lakini nilimwitikia.

Jambo moja zaidi kuhusu Usambara. Yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, watu wanapeana kama zawadi ya upendo, asili yake ni huku kwetu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao, na jina lake likabaki kwenye ua. Yanaota kivulini, kwenye miamba yenye unyevunyevu. Kama hukuinama huyaoni.

Tulirudi Dar na robo tanki. Mwisho wa mwezi uliofuata, sheli ile ile, akashusha kioo. "Jaza, ila bomba likikata acha." Tukaondoka. Tulipopita mataa ya kwanza akazima redio, akageuka nyuma kwanza, kwa mwenye kibanio cha kipepeo.

"Mama mdogo, gari linanuka nini?"

Binti akafikiri. "Linanuka chipsi."

Ni kweli. Mimi nilikuwa nazo kwenye mkoba.

DONDOO: UKISIKIA PETROLI NDANI YA GARI

Ikiwa kali, usiendelee. Simama mbali na jiko, sigara au nyaya za umeme. Zima injini, wote mshuke, milango wazi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Mombo! Usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Jiulize ni lini. Baada ya kujaza tanki tu: shuku kifuniko cha tanki, mpira wa shingo, sili ya pampu, au lile kopo la mkaa linalonasa mvuke. Asubuhi ukiwasha, kisha inaisha: shuku mipira na oringi za injekta, zikiwa baridi husinyaa. Kwenye foleni, au feni ikiwashwa: tazama chini ya boneti, maana hewa ya ndani huingilia chini ya kioo cha mbele. Inatoka kwenye sailensa: mafuta hayaungui vizuri, kagua plagi.

Andika. Tarehe, kiasi cha mafuta, umekaa siti gani. Mpe fundi karatasi, usimpe hasira.

Peleka gari likiwa linanuka. Kama linanuka tanki likijaa, lipeleke tanki limejaa.

Usijaze kupita bomba linapokata. Petroli inahitaji nafasi ya kutanuka.

Pampu ikibadilishwa, na oringi ibadilishwe. Omba uoneshwe ile ya zamani.

Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na dereva, si chini ya mizigo kwenye buti. Maji hayazimi petroli, yanaitembeza.

Na mtu wa nyumbani akisema inanuka, hasa yule anayekaa siti ya nyuma, mwamini kwanza. Ubishi baadaye.